Anayetangulia Ananunua Mwisho

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Utaratibu wetu mnaujua: kila mwezi mmoja wetu anasimama na kuupigia debe mchezo wa mezani anaoona unastahili kununuliwa kwa mfuko wetu wa pamoja, na safari hii zamu imeniangukia mimi. Mchezo niliokuja nao si mpya. Ni wa mwaka 2004, sanduku lake limechakaa pembe, na ndani hakuna sanamu za plastiki wala dadu hata moja. Unaitwa Power Grid. Kwao Ujerumani unaitwa Funkenschlag. Aliyeubuni ni Friedemann Friese wa mjini Bremen, yule bwana wa nywele za kijani ambaye michezo yake mingi jina lake huanza na herufi F.

Wengi wetu hapa tulianzia kwenye ile michezo ya kununua viwanja na kujenga hoteli. Mwendo wake mnaujua. Mtu akishatangulia, katangulia. Mwenye hoteli anamkamua asiye nayo, na asiye nayo anakaa saa nzima akingoja kufilisika, halafu anahamia pembeni na simu yake huku wengine wakiendelea. Kwa namna hiyo niliwahi kuwapoteza wageni wawili, watu waliokuja hapa kwa hamu na hawakurudi tena. Jambo hilo liliniuma, nikaanza kutafuta mchezo unaombana aliye mbele na kumwachia nafasi aliye nyuma, bila kumhurumia mtu na bila kumpa mtu ushindi wa bure. Nimecheza mingi tangu hapo. Huu ndio niliourudia mara nyingi zaidi.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mchezaji ni kampuni ya umeme. Ananunua mitambo kwa mnada, ananunua malighafi ya kuiendesha (makaa ya mawe, mafuta, taka au urani), anatandaza nyaya kutoka mji hadi mji, kisha anawasha miji yake na kulipwa. Ubao una pande mbili, mmoja Ujerumani na mwingine Marekani, kila upande miji 42. Sisi tumekulia na mgao wa umeme. Tukisikia tangazo la hitilafu katika gridi ya taifa hatuhitaji kufafanuliwa. Labda ndiyo sababu naona wageni wanaushika mchezo huu upesi kuliko ile ya wafalme na ngome: kila sheria yake ina sababu ambayo mtu tayari anaijua.

Sasa niingie kwenye uti wa mgongo wake, yaani mpangilio wa zamu. Mwanzoni mwa kila raundi wachezaji wanapangwa upya. Mwenye miji mingi anakuwa wa kwanza. Wakilingana, anatangulia mwenye mtambo wa namba kubwa. Huyo wa kwanza ndiye anayefungua mnada. Mnada ukiisha, meza inageuka. Kununua malighafi kunaanzia kwa wa mwisho. Kujenga mijini nako kunaanzia kwa wa mwisho. Aliye nyuma anachota makaa ya mawe ya bei nafuu na kuchagua mji aupendao. Aliye mbele anafika sokoni wenzake wameshapita.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwangu mwezi uliopita. Tulikuwa wanne. Mimi nina miji mitano, shemeji yangu na jirani yetu wana minne kila mmoja, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana mitatu. Soko la makaa lilikuwa na mawe mawili ya bei ya 2, matatu ya bei ya 3, matatu ya bei ya 4, na kuendelea hivyo kupanda. Mpwa wangu alikuwa na mtambo namba 10, unaochoma makaa mawili na kuwasha miji miwili. Alihitaji mawili. Akanyoosha mkono, akachukua manne, akayapanga juu ya kadi yake mojamoja kwa utulivu, kwa sababu sheria inaruhusu mtambo kuhifadhi mara mbili ya mahitaji yake. Akalipa Elektro 10, ndiyo fedha ya mchezo huu. Nikamwuliza, manne ya nini? Akanijibu, “Mawili ya leo, mjomba, mawili ya kesho.” Shemeji akafuata, akachukua matatu kwa 11. Jirani alikuwa na mitambo ya mafuta, makaa hayakumhusu. Nikafika mimi. Nilihitaji matatu kwa mtambo wangu namba 8, na yaliyobaki yalikuwa jiwe moja la 4 kisha ya 5. Nikalipa 14. Kama ningekuwa wa kwanza sokoni ningelipa 7.

Elektro 7 hizo ndizo zilizonikosesha mji wa sita raundi ile. Na mpwa wangu hakunichezea rafu hata kidogo. Hakunipora kitu, hakuharibu nilichojenga, hakunipigia kura nitoke. Alinunua makaa, basi. Michezo ya Kijerumani tunayoipenda hapa ina ustadi huu wa kukufanya uguswe na mwenzako bila mtu kubomolewa nyumba yake, ila sijaona pengine ambapo mguso wenyewe unauma kihalali namna hii.

Mtakapoucheza mara ya pili au ya tatu mtaanza kuona kitu kingine: watu wanajificha nyuma kwa makusudi. Kwa wachezaji wanne, hatua ya pili ya mchezo inafunguka mmoja wetu anapounganisha mji wa 7. Kabla ya hapo kila mji unaruhusu kampuni moja tu, na kuingia kunagharimu 10 pamoja na gharama ya njia. Baada ya hapo kampuni ya pili inaweza kuingia kwa 15, na baadaye, hatua ya tatu, ya tatu nayo kwa 20. Basi utaona meza nzima imesimama kwenye miji sita. Wana fedha, wana njia, lakini hakuna anayetaka kuwa yule anayewafungulia wenzake mlango halafu anunue makaa wa mwisho. Kimya kinatanda. Mtu anahesabu noti zake mara mbili, anaziweka chini, anasema “sijengi.” Mimi raundi hizo za kutojenga nazipenda kuliko raundi za kujenga.

Mnada nao una mambo. Kadi nane za mitambo zinapangwa kwa safu mbili za nne nne, kuanzia namba ndogo hadi kubwa. Safu ya juu inauzwa. Ya chini inaonekana tu. Mtambo ukiuzwa, kadi mpya inafunuliwa na zote zinapangwa upya, kwa hiyo uliyekuwa ukiutamani chini unaweza kupanda juu, na ukapanda mikononi mwa mwingine, maana ukishanunua umetoka kwenye mnada wa raundi hiyo. Aliye mbele ndiye anayelazimika kuchagua kwanza, hajui kadi ijayo. Hapo tena mzigo uko kwake.

Namba ya mtambo ndiyo bei yake ya kuanzia. Chukueni namba 20 na namba 25. Wote wawili wanawasha miji 5, lakini wa 20 unakula makaa matatu na wa 25 unakula mawili. Je, jiwe moja la makaa ni la shilingi ngapi? Kama makaa yamefika 4 na unaona zimebaki raundi sita, jiwe hilo ni Elektro 24. Basi kama wa 20 unaweza kuupata kwa 20, wa 25 unaweza kuufukuzia hadi 44 kabla hujaona hasara. Lakini kama jirani yako naye anachoma makaa, bei haitabaki 4. Na kama raundi zimebaki nne tu, hesabu imeanguka. Kila anayepandisha bei mezani anakuwa na jibu lake la maswali haya kichwani, na bei anayotaja ndiyo inayokuonyesha jibu lenyewe. Ukisikiliza mnada vizuri unajua mwenzako anadhani mchezo utaisha lini.

Kuna mtambo mmoja ambao lazima niutaje kwa sababu unawanasa wageni. Namba 13 ni wa upepo, hauhitaji malighafi, unawasha mji mmoja. Daima ndio kadi ya kwanza kufunuliwa baada ya ile nane ya mwanzo. Mgeni akiona “bila malighafi” anapandisha bei kama amepata kisima jangwani. Kila mmoja anaanza na Elektro 50 tu, na akimaliza 20 kwa mtambo wa mji mmoja hatafika mbali. Mwacheni mgeni ajue hili mapema. Mimi huwa namwambia kabla mnada haujafunguliwa, na naomba nanyi mfanye hivyo.

Malipo nayo yamepangwa kwa akili. Ukiwasha mji mmoja unalipwa 22. Miwili, 33. Mitatu, 44. Lakini kadiri unavyopanda, nyongeza inapungua: kutoka mji wa 7 hadi wa 8 unaongezewa 8 tu, na kutoka wa 19 hadi wa 20 unaongezewa 2. Mkubwa anaendelea kupata, ila hapati kwa kasi ya kuwaacha wenzake porini. Na hata ambaye hajawasha mji wowote analipwa 10, kwa hiyo hakuna anayefilisika na kuondolewa mezani. Mliokuwapo siku wale wageni wawili walipoondoka mnaelewa kwa nini hilo lina uzito kwangu.

Mwisho wake ndio ninaoupenda zaidi. Kwa wachezaji wanne, mchezo unaisha raundi ambayo mtu anaunganisha mji wa 17. Lakini mshindi ni aliyewasha miji mingi raundi hiyo ya mwisho. Jirani yetu yuleyule alifika miji 17, akasimama kwa furaha. Mitambo yake ilikuwa 20, 26 na 29: mitano, mitano na minne. Miji 14. Mpwa wangu alikuwa na miji 15, na mitambo 25, 35 na 44: jiwe la makaa mara mbili, pipa moja la mafuta, na upepo. Mitano mara tatu. Akawasha yote 15. Jirani alizitazama kadi zake kwa muda, akazigusa moja moja akizihesabu tena, halafu akaomba turudie Jumamosi inayofuata. Na akaja.

Wapo hapa wazee wa bao, nami najua watauliza tuna haja gani na haya ya Ujerumani wakati tunao mchezo wa akili tulioukuta kwa babu zetu. Swali halali. Bao ni bao. Halina bahati, kila kete iko wazi, na sidhani kuna mchezo humu kwenye rafu unaolifikia kwa kina. Lakini bao ni la watu wawili, na jioni zetu hapa tuko wanne, watano, sita. Isitoshe, mcheza bao anakuja mezani na silaha tayari. Kuona mtaji wako unaishia wapi kabla hujaugusa, kujua lini uilinde nyumba na lini uitumie, hizo ni hesabu zilezile. Siku moja nilihesabu vijumba vya mbao vya rangi moja, vile tunavyoviweka kwenye miji tunayojenga, ndani ya sanduku hili nikapata 22, idadi ileile ya kete anazobaki nazo mkononi mchezaji wa bao la Kiswahili anapoanza kunamua. Imetokea tu hivyo, najua, lakini ilinifurahisha.

Kuhusu Ujerumani yenyewe nina neno, maana ubao huu una habari ndani yake. Tafuteni upande wa magharibi mtaiona miji imesongamana: Duisburg, Essen, Dortmund. Kati ya Duisburg na Essen gharama ya njia ni sifuri. Hilo ndilo bonde la Ruhr, nchi ya makaa ya mawe, na Essen ndiko yanakofanyika kila mwaka yale maonyesho makubwa ya michezo ya mezani yaliyoanza mwaka 1983. Mji uliokuwa ukichimba makaa sasa unapokea watu wanaokuja kununua michezo, na mmoja wa michezo hiyo unauza makaa kwa vipande vya mbao. Mgodi wa mwisho wa makaa magumu nchini humo, Prosper-Haniel wa Bottrop, jirani kabisa na Essen, ulifungwa Desemba 2018. Vinu vya mwisho vitatu vya nyuklia vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Kwa hiyo tunapotandaza ramani hii na kupanga urani kwenye bei ya 14 na 16, tunacheza Ujerumani ambayo haipo tena. Mpwa wangu aliponiuliza kwa nini urani ni ghali hivyo mwanzoni halafu inashuka, tulizungumza nusu saa kabla ya kuendelea, na nusu saa hiyo siijutii.

Mtaona pia jina la mbunifu limeandikwa juu ya sanduku. Hilo halikuja lenyewe. Mwaka 1988, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Nuremberg, wabunifu kadhaa wa Kijerumani walitia saini zao kwenye kile kibao cha karatasi ngumu cha kuwekea glasi ya bia, wakikubaliana kwamba hakuna atakayempa mchapishaji mchezo wake kama jina lake halitawekwa juu ya sanduku. Mimi naona ni kwa sababu hiyo leo tunaweza kumfuata mbunifu kama tunavyomfuata mwandishi: huyu namjua, mnada wake nauamini.

Lawama zake sizifichi. Ubao hauna uzuri. Ukiuweka kando ya michezo mipya yenye picha za kupendeza, unaonekana kama ramani ya ofisi ya wahandisi. Noti zake za karatasi zinachakaa, na mimi natumia sarafu za plastiki nilizozinunua kando. Unachukua saa mbili, na mezani kwa wageni saa mbili na nusu. Raundi za mwisho zinaweza kupoa mtu mmoja akianza kuhesabu kila njia hadi senti ya mwisho. Kwa hilo tumejiwekea taratibu: mtu anahesabu wakati wa zamu ya mwenzake, na ikifika yake anaweka fedha mezani. Wawili msiucheze, soko linalala. Watatu unakwenda. Wanne na watano ndipo penyewe.

Na wale wanaosema ni hesabu tupu, nawaomba wakae mara moja tu. Hesabu zilizomo ni kujumlisha na kutoa, zile ambazo mama muuza mboga anazifanya mbele yako bila kalamu. Kinachochosha akili ni kumsoma mwenzako: anahifadhi taka za nini? Taka zinaanza kwenye bei ya 7, hakuna anayezitaka, na mtambo wa taka unaweza kuuzwa kwa bei yake ya kuanzia bila mtu kupinga. Raundi tano baadaye zimejaa sokoni, zinauzwa kwa 2 au 3, na mnunuzi ni mmoja. Hapo makaa yamefika 7. Yule aliyeonekana amechukua mabaki kumbe alikuwa ameona mbali. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huo mmoja kabla ya yote: tazama wenzako wanachoma nini, kisha uchome kingine.

Jambo la pili kwa anayeanza: usijenge mapema mji usioweza kuuwasha. Unalipia kijumba, unapanda kwenye mpangilio wa zamu, unanunua makaa mwisho, na mji wenyewe uko gizani. Hilo nimeliona likitokea kila tunapocheza na mgeni, na ni kosa zuri kulifanya mara moja kwa sababu ukishalifanya umeuelewa mchezo wote.

Ombi langu ni tununue nakala moja kwa mfuko wetu. Shemeji anasafiri mwezi ujao na amekubali kuibeba kwenye mzigo wake, kwa hiyo gharama ya kusafirisha haipo. Hii yangu itabaki hapa mpaka ya kwetu ifike, na yeyote anayetaka kuichukua nyumbani kwa wiki moja aniambie, nitamwandikia sheria kwa Kiswahili kwenye karatasi moja. Nimeshawaandikia wawili na zimewatosha.

Ramani imeshatandazwa kwenye meza ile ya barazani, maeneo manne ya magharibi na kaskazini. Makaa yamejaa kuanzia bei ya 1, mafuta kuanzia 3, taka kuanzia 7. Mpwa wangu ameshachagua rangi nyekundu. Zimebaki nafasi tatu, moja ni yangu, na ningependa mbili zichukuliwe na watu ambao hawajawahi kuucheza.